Shahada kwa mitihani ya Marekani au Chuo Kikuu Huria: ipi inamfaa mhasibu aliye kazini Mwanza?

Mfanyakazi wa Igogo:
Ndugu zangu, habari zenu. Nina stashahada ya uhasibu na ninafanya kazi kwa zamu katika kiwanda cha samaki, hivyo siwezi kuhudhuria vipindi vya chuo. Nimesoma kuhusu mitihani ya CLEP ya Marekani, ambapo mtu hujisomea mihtasari, hufanya mtihani wa dakika 90 na kupata krediti (alama za masomo zinazohesabiwa kuelekea shahada) bila kuingia darasani. Naomba mnilinganishie njia hiyo na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kwa kuwa nahitaji shahada mapema.

Mwalimu Nyamanoro:
CLEP ni mitihani halali, nayo inasimamiwa na College Board, shirika la mitihani la Marekani. Alama zake huanzia 20 hadi 80, na 50 ndiyo inayopendekezwa kwa kupewa krediti. Hata hivyo, mitihani mingi huleta krediti 3 tu kila mmoja, ilhali shahada ya kwanza ya Marekani huhitaji takriban 120, na anayeshindwa hungoja miezi 3 kabla ya kurudia mtihani uleule. Mitihani yenyewe haitoi shahada. Chuo ndicho kinachoamua kitapokea krediti ngapi. Thomas Edison State University cha New Jersey kinajulikana kwa kupokea nyingi, lakini nacho kina somo la kuhitimisha ambalo lazima ulisome kwao. Kwako wewe mhasibu kuna pengo kubwa zaidi: CLEP hupima masomo ya miaka ya mwanzo ya chuo, kwa hiyo ukaguzi wa hesabu na kodi utavitafuta kwingine.

Dada wa Kirumba:
Shikamoo Mwalimu. Ndugu wa Igogo, kabla ya kulipa hata dola moja, iulize Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kama itaitambua shahada hiyo, kwa sababu mwajiri wa hapa anaweza kudai uthibitisho wa TCU kwa shahada yoyote ya nje. Kila mtihani wa CLEP unazidi dola 90, na ada ya chuo hulipwa kando. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo hapahapa Mwanza, unalipa kwa shilingi, na unajisomea kwa ratiba yako. Hakitakupa shahada kwa miezi michache, na mimi naona hilo ni sawa.

Mkazi wa Pasiansi:
Nashangaa hakuna aliyeitaja NBAA, yaani Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Kama unapenda kujisomea na kupimwa, mitihani yake ya Mei na Novemba inakufaa kuliko CLEP, na ingawa CPA, sifa ya kitaaluma ya uhasibu inayopatikana kwa mitihani hiyo, si shahada, ina uzito mkubwa katika kazi yako. Ulizia stashahada yako inakuruhusu kuanzia ngazi ipi. Kuhusu madesa, yaani ile mihtasari uliyoitaja, yatumie kukumbuka ulichokwisha kusoma kitabuni. Swali la kuandaa taarifa ya mtiririko wa fedha halijibiki kwa mtu aliyekariri vichwa vya mada, na hilo ni kweli kwa NBAA, kwa Chuo Kikuu Huria na kwa Wamarekani vilevile.

Mfanyakazi wa Igogo:
Nawashukuru sana. CLEP naiacha. Nitakwenda kituo cha Chuo Kikuu Huria kuulizia udahili na ada, kisha niwaandikie NBAA kuhusu ngazi ya kuanzia. Kama kuna mwenzangu wa Ilemela au Nyamagana anayejiandaa na mitihani ya Novemba, naomba anijulishe tusome pamoja siku za Jumapili.