SAT 1430: binti atume au aache wazi?

MamaTatu
Habari za jioni wakuu. Binti yangu yuko mwaka wa mwisho wa hai skuli hapa Marekani, SAT, ule mtihani wa kuombea chuo, kapata 1430. Mjomba wake anasema atume, kafanya vizuri. Rafiki zake wanamwambia bila 1500 ni kujiaibisha, aache wazi sehemu ya alama kwa kuwa siku hizi si lazima kutuma. Fomu tunazifunga karibuni. Kutuma au kuficha, lipi bora?

Kobe_Mpole
Dada, utajibiwaje hapo? Vyuo vipi? Hesabu ngapi, Kusoma na Kuandika ngapi? Anataka kusoma nini? Na shuleni kwao wenzake wanapata ngapi? Hilo la mwisho watu hulisahau.

Nyuki77
Atume. 1430 kati ya 1600 halafu mtu anaona haya? Wengine tulitafuta 1200 kwa tochi.

Mwalimu_Jioni
Mimi siku zote nasema ACT, ule mtihani mwingine wa kuombea chuo. Tangu 2025 wameifupisha na sayansi imekuwa ya hiari. Mwanangu SAT ilimkataa, ACT akapata 32.

Kobe_Mpole
Mwalimu, mtoto ana alama tayari, ACT imeingiaje?

Mwalimu_Jioni
Nimechangia tu mkuu.

Pweza_Kavu
Ngoja niwasimulie yaliyonikuta. Nilikuwa na 1410. Shuleni kwetu aliyenifuata alikuwa na 1200 na kidogo. Chuo nilichokitaka, kutuma alama kulikuwa hiari. Nikafungua takwimu zao, nikaona waliodahiliwa wengi wanaanzia 1480. Saa tano usiku, fomu iko wazi, pale panapouliza kama unataka alama zako zitazamwe nimeganda kama dakika ishirini. Nikabofya hapana. Machi nikapata barua ya aya mbili, asante kwa kuomba.

Kilichoniuma kilikuja baadaye. Nikaenda kumwambia mwalimu wa ushauri, akaniuliza, "Hukutuma? Mbona kwenye barua yangu ya kukupendekeza nimewaandikia kwamba shule haijapata alama kama yako kwa miaka mingi?" Yaani watu wale walisoma sifa za alama, wakaitafuta alama yenyewe hawakuiona. Sijui walifikiri nini. Huenda walidhani mwalimu anatunga.

Sindano
Pole, ila huna uhakika kwamba ulikataliwa kwa sababu hiyo. Vyuo vile vinakataa hata wenye 1580.

Pweza_Kavu
Uhakika sina. Lakini mwanzoni mwa 2024 chuo cha Dartmouth walitoa utafiti wao wenyewe: waombaji wa familia za kipato kidogo walikuwa wanaficha alama za 1400 na kitu ambazo zingewasaidia. Kule wanaipima alama kwa kuangalia umetoka shule gani. Nilipousoma nilijiona mimi kabisa.

Kobe_Mpole
Na zile takwimu zenyewe zinadanganya. Chuo kikisema hiari, wenye alama za chini wanaficha, wanaobaki ni wa juu, kiwango kinachochapishwa kinapanda. Mwaka unaofuata aliye na 1450 anaogopa, naye anaficha. Kinapanda tena. MamaTatu, bado tunasubiri majina ya vyuo.

MamaTatu
Samahanini, nilikuwa kazini. Hesabu 770, Kusoma na Kuandika 660. Anataka kemia. Vyuo ni Dartmouth, UCLA, Chicago na Bowdoin. Shule yao ya kawaida tu, wastani wao siujui.

Kobe_Mpole
Haya, sasa tunaongea. Dartmouth alama ni lazima, walirudisha sharti 2024, kwa hiyo hapo hakuna swali. UCLA ni kinyume chake: vyuo vyote vya University of California havitazami SAT wala ACT katika kuchagua, hata ukituma. Kwa hiyo swali lako ni la vyuo viwili tu. Chicago ni hiari tangu 2018, na wanasema alama wataitumia pale tu inapomsaidia mwombaji. Anapoteza nini akituma? Bowdoin ni hiari tangu 1969, hao hawakuanza na korona kama wengine.

Nyuki77
1969! Basi Bowdoin aache.

Sindano
Kwa nini aache? 770 ya Hesabu kwa mtu wa kemia ni hoja. Mimi Bowdoin ningetuma.

Nyuki77
Na ile 660 je? Wataiona pia. Alama haikatwi vipande.

Sindano
Ndiyo maana kuna mtihani wa Desemba. Arudie ainue Kusoma tu. Vyuo vingi vinachukua sehemu iliyo bora katika kila mtihani.

Mzee_Kanzu
Mtihani wenyewe unapima mfuko wa baba. Wenye hela wanaajiri mwalimu nyumbani, wa kwetu anasoma na simu yenye kioo kilichopasuka.

Pweza_Kavu
Mzee, na insha za maombi je? Nazo tajiri anasahihishiwa. Michezo ya kujazia fomu kama kupiga makasia je? Mtihani angalau mazoezi yake yapo bure kwenye tovuti ya Khan Academy, na mwenye kipato kidogo anasamehewa ada ya SAT mara mbili. Kupiga makasia nani anakusamehe?

Mzee_Kanzu
Kijana, wewe mtihani huohuo ndio umekuliza mpaka leo.

Pweza_Kavu
Mtihani haukuniliza. Kile kitufe ndicho kimeniliza.

Mwalimu_Jioni
Akirudia, akumbuke siku hizi ni kwenye kompyuta. Laptopu yenye betri inayochoka asiende nayo, soketi ukumbini si za kutegemea. Na Bluebook, ile programu ya kufanyia mtihani, aiandae siku kadhaa kabla, si asubuhi ya mtihani. Jirani yangu alilia getini.

MamaTatu
Laptopu yake bila waya inakaa saa moja na nusu. Hiyo itatosha?

Mwalimu_Jioni
Haitoshi. Mtihani ni saa mbili na dakika kumi na nne, bado mapumziko. College Board, wenye SAT, wanaazimisha laptopu, lakini uombe siku 30 kabla.

MamaTatu
Kwa Desemba tumeshachelewa basi. Nani ana laptopu ya kuazima?

Nyuki77
Yangu ipo, ila herufi E imeng'oka.