Naombeni ushauri: simulesheni ya mafuriko ya korongo letu, nikiirudia kuicheza maji yanaruka

KorongoKavu
Habari zenu wakuu, nina wiki ya pili nahangaika na hili jambo peke yangu. Nipo Dodoma, upande wa Nkuhungu, mtaani kwetu kuna korongo ambalo mwaka mzima ni mchanga tu watoto wanachezea mpira, ila mvua za mwezi wa kwanza likishuka linashuka kweli, msimu uliopita liliondoka na choo cha jirani na maji yakaingia nyumba tatu usiku watu wamelala. Sasa mwenyekiti wa mtaa anajua nilisomea ramani, kaniomba kwenye mkutano niwaonyeshe watu kwa projekta maji yanatokea wapi na yanafika wapi.

Nimetumia HEC-RAS, ile programu ya kuigiza mwendo wa maji kwenye kompyuta, mvua nimeweka mm 60, ardhi ni ile SRTM (ramani ya miinuko iliyopimwa kwa rada toka angani) ya mita 30, seli za meshi, yaani vile vyumba vya wavu ambavyo programu inavipigia hesabu, mita 10, simulesheni ya saa 6. Imerani haijagoma. Shida ni nikiirudia kuicheza, maji hayasogei, yanaruka: picha ya kwanza pakavu, ya pili mtaa mzima umelowa, ya tatu yameshapungua. Na kinachonichanganya zaidi, nikifungua ramani ya kina cha juu kabisa maji yamegusa nyumba za bondeni, ila nikicheza mwanzo mwisho hakuna hata picha moja ambayo yanazifikia. Niwaonyeshe ipi? Leptopu yangu ramu ni 8 na mkutano ni Jumamosi ya wiki ijayo.

mchora_ramani
Pole mkuu. Nenda kwenye dirisha la kuranisha, angalia palipoandikwa Mapping Output Interval, naamini umeacha saa 1. Programu inapiga hesabu kila sekunde chache ila picha inakutunzia kila baada ya huo muda uliouandika, na maji ya korongo yanakuja na kupita ndani ya nusu saa, kwa hiyo kilele kimepita katikati ya picha mbili. Ile ramani ya kina cha juu yenyewe inafuatilia kila hatua ya hesabu, ndo maana imekiona kilele na animesheni haijakiona. Haikudanganyi.

Weka dakika 5, kwa saa 6 unapata picha kama 73, leptopu yako inaweza. Ila lazima urani upya, kwenye faili la mwanzo hizo picha hazimo hata ufanyeje.

KorongoKavu
Mkuu ilikuwa saa 1 kweli!! Nimeirani usiku kucha, sasa maji yanatembea vizuri kabisa, nimeita hadi mke wangu aone. Ila limeibuka lingine, yakifika barabarani yanajaa nyuma ya tuta kama bwawa, wakati pale chini kuna kalavati mbili na mimi mwenyewe nimeona yanapita.

fundi_kalavati
Rada ya SRTM imeona mgongo wa barabara, tundu la chini haijaliona, kwako hilo tuta ni ukuta. Chora kalavati zenyewe kwenye modeli kwa vipimo vyake, au kama huna muda kata tuta pale kwenye ardhi ya RAS Mapper, lile dirisha la ramani la HEC-RAS.

Halafu korongo lenu lina upana gani? Kama ni mita 8 basi kwenye pikseli ya mita 30 halipo, na kupunguza seli za meshi hadi mita 10 hakuongezi kitu ambacho ardhi yenyewe haina. Azima GPS ya RTK, ile inayopima kwa usahihi wa sentimita, kwa wapima, pigeni mikato kadhaa ya korongo kutoka ukingo hadi ukingo muichonge kwenye ardhi. Droni ingefaa zaidi ila kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, hukipati kabla ya Jumamosi.

dada_wa_Kizota
Kaka mm 60 umeimwaga kwa saa zote 6 au kwa saa 1? Ni mafuriko mawili tofauti hayo, mvua za huku kwetu zinapiga kwa muda mfupi halafu kimya. Na meshi yako inaanzia wapi? Mara ngapi korongo linashuka na mtaani halijadondoka hata tone, maji yametoka vilimani huko juu. Kama umechora mtaa peke yake basi maji mengi umeyaacha nje. Hakikisha pia mradi uko kwenye vipimo vya SI (mita na milimita), ukiacha vya Kimarekani hizo 60 zinasomwa inchi.

Mzee wa Zuzu
Mimi kompyuta siijui wanangu ila nina neno. Kwenye zile nyumba tatu mstari wa matope bado upo ukutani, na wenyewe wanakumbuka saa ngapi yaliingia. Chukua futi ukapime kabla hawajapaka rangi.

mchora_ramani
Shikamoo mzee, hilo ndo kubwa kuliko yote tuliyoandika humu.

Mkuu kwa siku ya mkutano usicheze laivu, itakwama mbele za watu. Faili la matokeo lenye mwisho wa p01.hdf livute kwenye QGIS, programu ya ramani ya bure, linafunguka kama meshi, chini yake weka picha ya satelaiti, fungua ile saa ya Temporal Controller na hatua yake iwe dakika 5 sawasawa na ulivyorani, ukiweka saa 1 yataruka tena. Toa picha za PNG, ziunge kwa ffmpeg, programu ya kutengeneza video, iwe video, hiyo hata WhatsApp inapita.

KorongoKavu
Shukrani zote zimwendee mzee. Leo asubuhi nimepita na futi, ukutani mstari uko sm 70, modeli yangu inasema 40, na mama mwenye nyumba anasema yalimkuta saa 8 usiku, kwangu yanachelewa karibu saa nzima. Meshi ilikuwa mtaa tu kama dada alivyohisi, naipandisha hadi vilimani na mvua naibana iwe ya saa 1 na nusu. Kalavati nimepima. Usiku narani tena, kesho naleta picha hapa mzikague kabla sijamwonyesha mwenyekiti. Ila nauliza, nyumba ya mtu ikitokea kwenye bluu mbele ya mkutano na modeli bado inapishana na ukuta kwa sm 30, si bora nisogeze ramani kwa mbali watu waone njia ya maji tu, zile tatu tukazungumze na wenyewe nyumbani kwao?

dada_wa_Kizota
Fanya hivyo hivyo kaka. Kuna mwingine pale anauza kiwanja.