Ng'ombe ana siku 9 tangu azae, kinyesi chepesi chenye mapovu. Nimpe dawa gani?

ZiziLaNjombe: Wakuu, naomba msaada. Ni chotara wa Friesian, uzao wa tatu. Anakula kilo 8 za mahindi yaliyoparazwa, pumba na mashudu ya alizeti, nusu asubuhi nusu jioni, pamoja na majani ya tembo yaliyokatwa na mashine. Leo anakula, kesho anasusa. Kinyesi ni kama uji, kina chenga za mahindi. Kondo lilitoka vizuri, joto ni 38.7. Nimpe dawa ya minyoo au antibayotiki?

MgangaWaMifugo: Usimpe hata moja, mkuu. Dalili hizo ni za asidi kuzidi kwenye tumbo kuu (la kwanza kati ya manne ya ng'ombe). Wanga wa mahindi ukiingia ghafla, bakteria wake huzaliana kwa saa chache na kumwaga asidi, ilhali wale wanaoila asidi hiyo huhitaji wiki kama 3 kufikia idadi ya kutosha. Vijinyama vya ukuta wa tumbo vinavyofyonza asidi navyo vilisinyaa alipokaushwa, yaani alipoachwa kukamuliwa kabla ya kuzaa. Hurudi kwa wiki 4 hadi 6. Antibayotiki ya kunywesha itaua hata bakteria wazuri waliobaki.

Shusha hadi kilo 4, ugawe mara nne. Usimwachishe kabisa, ataishiwa nguvu na kupata ketosisi, ugonjwa wa mwili kuyeyusha mafuta yake kupita kiasi. Akitulia, ongeza nusu kilo kila baada ya siku 3. Nyasi kavu zitangulie kila mara. Changanya na gramu 150 kwa siku za baikaboneti ya sodiamu (baking soda). Magadi ya kulainishia maharage siyo, hayo ni makali zaidi.

MamaNdama: Angalia na mashine yako. Majani yakisagika sana hacheui, na asipocheua mate hayatoki, wakati mate ndiyo yanayopoza asidi. Vipande viwe sentimita 3 hadi 5. Akilala, hesabu anavyotafuna tonge moja: mara 50 hadi 70 ni sawa, chini ya hapo nyuzi ndefu hazitoshi.

ZiziLaNjombe: Asanteni. Akigoma kula kabisa je?

MgangaWaMifugo: Ita daktari siku hiyohiyo. Atasikiliza mbavu za kushoto huku akizigonga. Zikilia kama bati, tumbo la nne limehama, na hilo mara nyingi ni la upasuaji. Kama halijahama, anaweza kumpa maji ya tumbo kuu la ng'ombe mwenye afya aliyechinjwa muda huohuo: lita 8 hadi 10, yamechujwa kwa kitambaa, yakiwa bado vuguvugu, kwa mpira wa kufika tumboni. Usijaribu kwa chupa huku umemwinua kichwa, yataingia mapafuni.