Uzi wa simulizi za sauti za makasri na fitina za ufalme: tupeane uzoefu, wewe zilikunasaje?

Fundi Spoki (mleta uzi)

Wakuu salaam, na wagosi wenzangu wa Tanga mko wapi? Najua humu tuko wengi tunaoshinda na hedifoni masikioni, na mtu akituuliza tunasema tunasikiliza mpira. Mimi natengeneza baiskeli Ngamiani. Asubuhi mpaka adhuhuri, asipotokea mteja wa maneno mengi, mwili uko kibandani na roho iko kwenye falme zisizokuwamo katika ramani yoyote: mfalme kitandani, wana watatu wa mama mbalimbali, waziri mpole kupita kiasi, na zimwi moja mlimani ambalo kwa kweli ndilo lisilo na madhara kuliko wote.

Zimwi nalisema hivyo kwa sababu. Majeshi yakikutana, mbawa zikipiga, moto ukitoka, naziba pancha bila wasiwasi. Nikikosa dakika mbili, nikirudi bado wanakatana. Lakini wakikaa watu sita barazani, hakuna aliyenyanyua hata sauti, na mmoja akasema "Mimi katika hili sina neno," spana inawekwa chini. Ukikosa hapo umekosa ufalme mzima. Mbele huko utasikia mtu ananyongwa na hujui kosa lake, kumbe siku ile alikuwa wa kwanza kukohoa.

Haya, kila mtu aseme: zilikunasaje, unasikiliza ukifanya nini, na ni fitina ipi haijakutoka. Mwisho wa hadithi usitajwe, kuna watu wako katikati.

Binti Makorora

Kaka Fundi umenigusa penyewe. Mie nasukia watu uani nyumbani. Rasta ndogondogo ni kazi ya kutwa, na mteja akishakaa mkekani hana pa kukimbilia, kwa hiyo naweka spika juu ya ndoo tunasikiliza wote. Nilianza na za mapenzi kama kila mtu, mpaka shoga yangu aliponirushia moja ya kasri.

Kuna mama mmoja mtu mzima, huja kusuka twende kilioni tu, hataki makuu wala maneno. Siku hiyo malkia mkubwa kamtumia suria mpya zawadi: chetezo cha fedha, udi umo ndani, na salamu tamu, "mwenzangu karibu nyumbani." Nikasema, jamani, wake wenza wema bado wapo. Yule mama hajageuza hata shingo. Akasema, "Asijifukize huyo. Aufukize kwanza kwenye banda la kuku."

Sehemu iliyofuata, kijakazi aliyeuwasha ule udi akaanguka. Nikabaki na kitana mkononi. Mama, hii ulishaisikia? "Wala. Lakini mwanamke hakupi chetezo chake."

Sasa hivi wateja wakinipigia simu hawaulizi bei, wanauliza mmefika wapi. Na asiyekuja siku yake simrudishii nyuma, asimuliwe na jirani.

Mama wa Pangani

Hahaa, huyo mama aje kwetu. Mie nasikilizia kitandani. Nalala yupo mfalme, naamka kuna mfalme mwingine na yule wa kwanza hatajwi tena. Wekeni simu ijizime yenyewe baada ya nusu saa, la sivyo mtakuwa mnaota sumu.

Dereva Mzigo

Napandisha saruji kutoka Pongwe kwenda bara. Hedifoni sivai barabarani, nafungulia kwenye redio ya gari tukishaiacha Muheza. Utingo wangu zamani alikuwa akisinzia mpaka Same. Siku hizi ananikataza kusimama Korogwe kula, eti mjumbe hajamfikia mwana wa mfalme.

Ngoja niwape la kwetu. Tukipita Mazinde humwambia, unayemsikiliza humo ndani alikaa hapa. Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Washambaa, alipofariki 1862, aliyekalia kiti cha Vugha, mji wao wa kifalme huko juu mlimani, ni mjukuu wake, Shekulwavu. Semboja, mtoto wa marehemu, alikuwa amejikalia huku chini Mazinde, njia ya misafara inapita mlangoni kwake, na bunduki na baruti za pwani zinamfikia yeye kabla hazijapanda mlimani. Akamtoa mjukuu Vugha. Enzi ilibaki juu kwa jina, nguvu zilishateremka barabarani.

Ndiyo maana simulizi nyingi mnazozisifu mimi hunichosha mapema. Zina kasri, hazina barabara. Mfalme ana hazina imejaa dhahabu, imetoka wapi? Askari elfu kumi wanakula nini? Mwandishi akinionyesha nani anatoza ushuru darajani, na huyo mtozaji ni shemeji wa nani, huyo namfuata mpaka Arusha na kurudi.

Kichwa Ngumu

Mnapigwa kamba nyie na mnafurahi. Nimesikiliza moja, mfalme kafia vitani, waziri kaificha maiti zaidi ya mwezi, anatoa amri kwa jina la marehemu na majeshi yanatii. Zaidi ya mwezi! Nikazima, nikafuta faili. Zimwi nakubali, hilo sikubali.

Mwalimu wa Muheza

Kichwa Ngumu, nenda kalitafute faili lako. Septemba 1566, Sultani Suleiman wa Waturuki alifia hemani akiwa ameuzingira mji wa Szigetvár, Hungaria. Waziri wake mkuu, Sokollu Mehmed Pasha, aliificha habari ile wiki kadhaa, amri zikaendelea kutoka kama kwamba bwana mkubwa yu hai, mpaka mrithi, Selim, alipokwisha kukikalia kiti. Askari wakijua wamebaki bila mwenyewe, kila mmoja anaanza kudai chake, na jeshi lenye madai halirudi nyumbani salama. Aliyebuni hadithi yako alipunguza tu majina.

Na 1595, Mehmed wa Tatu alipotawazwa, ndugu zake wa kiume 19 walinyongwa ili pasiwe na mgombea. Mwandishi wa kubuni akiandika 19, mhariri atamwambia apunguze, haiaminiki.

Tena mkiwa Tanga msiende mbali. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani 1909, kazikwa Machui hapo, na ndiye aliyetupa nchi inayoelea angani. Nchi hiyo ni Kusadikika, na kitabu chenye jina hilo kilitoka 1951. Humo hakuna upanga. Kuna Waziri Majivuno anayemshitaki Karama kwa kufundisha watu sheria, na utetezi wote wa Karama ni kuwakumbusha wakubwa habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, wakarudi na mambo ya faida, wakatupwa gerezani. Wanafunzi wangu hukisinzia kitabu kile wakikisoma kimyakimya. Nikikisoma kwa sauti, na Majivuno nikampa taratibu zake za mtu anayejua kwamba hakuna atakayemkatiza, darasa zima linamchukia kabla sijafika ukurasa wa pili.

Kichwa Ngumu

Sawa mwalimu, nimekubali la waziri. Lakini simulizi yenyewe bado msimulizi wake ana mafua.

Mzee wa Kahawa

Wanangu, shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazitoa. Mimi hedifoni zinaniwasha, mjukuu huniwekea kwenye spika barazani baada ya Isha, na wenzangu wa kahawa wanajisogeza kidogo kidogo wakisema hawasikilizi.

Fitina iliyonikaa ni ya bibi yangu, ya Fumo Liyongo, yule shujaa wa hadithi za pwani. Sultani wa Pate anamwogopa, kamtia gerezani. Mama yake akatuma mikate kwa mkono wa kijakazi Saada. Askari mlangoni wakaila ile mizuri, mkate wa wishwa wakautupilia mbali, "huu mpelekee huyo." Kumbe tupa, chuma cha kukerezea, imo humo. Halafu nje ngoma ikapigwa, matoazi na siwa, watu wanacheza, na ndani jamaa anakereza pingu zake, hakuna anayesikia. Bibi alikuwa akikatia hapo, anasema maji ya kuoga yamechemka. Mnalalamika wasimulizi wenu wanawaacha na arosto? Sisi tulikaa na pingu zile mpaka kesho yake.

Na mkono uliommaliza haukuwa wa adui. Mwanawe mwenyewe, kaahidiwa binti wa Sultani, kamchoma babaye sindano ya shaba kitovuni akiwa usingizini. Nimezisikiliza hizi za mjukuu nyingi tu, zimwi lina pahala pake pa kufia, mchawi ana pahala pake. Nauliza kila mara: siri ya pahala hapo kaambiwa nani, na ameahidiwa nini? Mjukuu anasema nawaharibia.

Binti Makorora

Shikamoo babu. Unawaharibia kweli, mie hapa nimeshamjua msaliti wa ile tunayosikiliza.

Mama wa Pangani

Narudi kidogo. Mnaopenda binti wa mfalme anayeandika barua za siri, someni habari za Salme, binti wa Sultani wa Unguja. Alijifundisha mwenyewe kuandika kwa kunakili maneno ya Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. 1859 kakaye Barghash alipotaka kumpindua ndugu yao Majid, aliyekuwa Sultani, Salme ndiye aliyekuwa karani wa njama, kwa sababu alijua kushika kalamu. Na nyumba ya Barghash ilipozingirwa, Barghash mwenyewe alitoka amevaa nguo za kike, kajitanda, kazungukwa na wanawake, askari wakampisha. Kwenye riwaya ningesema mwandishi kaishiwa.

Nasikia Tu

Mimi sioni tangu utotoni, naishi Chumbageni. Kwenu simulizi ni ya kupunguza uchovu wa kazi, kwangu ndiyo kabati la vitabu, kwa hiyo niruhusuni niwe mkali.

Kwanza, wasimulizi. Akimpa waziri sauti ya kukwaruza tangu sehemu ya kwanza, keshatuuzia hadithi. Nikisikia tu "karibu mheshimiwa" ya kupitia kooni, najua nani katia sumu. Kuna msimulizi mmoja nampenda, yeye msaliti humpa sauti ya kawaida kabisa, ila humfanya awe anamalizia maneno ya mfalme. Mfalme anasema "nadhani tungeli...", yeye anadakia "...ngoja kidogo, ndiyo mfalme wangu." Sehemu nyingi zinapita, husemi kitu. Halafu siku mfalme anaanza neno na hakuna anayedakia, damu inakusisimka. Hilo kwa macho kwenye karatasi mngeliruka.

Pili, majina. Waandishi wa falme za kubuni wana ugonjwa wa kuwapa ndugu watatu majina yanayoanza sawa na kuishia sawa. Msomaji anarudi ukurasa nyuma, msikilizaji anarudi wapi? Mimi siwashiki kwa majina, nawashika kwa kitu: mwenye pete, mwenye kikohozi, anayekuja na mbwa. Mwandishi asiyempa mtu wake kitu, huyo mtu kwangu hayupo.

Tatu, muziki. Wanaorekodi, punguzeni zeze na ngurumo wakati wa baraza. Minong'ono ndiyo hadithi, nyie mnaifunika kwa radi. Na kuna wanaosoma kazi za watu bila ruhusa, halafu wanaruka sura za maneno wanabakiza vita. Wanakula jasho la mwandishi na hata hawalimalizi.

Vita naongeza spidi 1.25. Barazani narudisha ya kawaida.

Fundi Spoki (mleta uzi)

Kaka hapo kwenye kudakia maneno umeniharibia usingizi, leo nitamchunguza kila mtu.

Kwa wageni wanaoogopa urefu: msimulizi wa kawaida hutoa kama maneno 150 kwa dakika, ndiyo 9,000 kwa saa. Riwaya nene ya maneno 300,000 ni saa 33 na ushei. Anayesikiliza saa tatu kwa siku humaliza kwa siku 11 au 12, na gurudumu limenyooka na pesa imeingia. Pakueni usiku bando likiwa rahisi, wekeni kwenye memori kadi, msitegemee mtandao katikati ya hukumu ya kifo.

Majina nayaandika kwa chaki ukutani: watu wa mfalme kushoto, watu wa malkia kulia, akihama upande namfuta namhamisha. Juzi mteja akauangalia ukuta muda mrefu, akaniuliza kwa huruma huyo Bwana Mkubwa wa Kaskazini ananidai shilingi ngapi. Nikamwambia hanidai kitu, ila kesho anauawa. Akachukua baiskeli yake, gurudumu la nyuma bado halijakazwa.

Utingo wa Dereva Mzigo

Wakubwa shikamooni, naandikia simu ya bosi kalala. Hiyo ya waziri aliyeficha maiti, nani ana sehemu ya 41 na kuendelea? Yetu imekata mwonja chakula ameshanyanyua kijiko, malkia anamwangalia, na tuko Hedaru hapa hakuna mtandao wa maana.

Fundi Spoki (mleta uzi)

Mkirudi Tanga pita Ngamiani kabla ya Magharibi, uje na flashi yenye nafasi. Ila ukifika ukuta usiuangalie, jina la mwonja chakula lipo.