Kutoka IST hadi Mark X 2.5: naizoeaje gari inayosukuma kwa nyuma?

mgeni_wa_X:
Wakuu, salaam. Nimezoea IST ya cc 1300, sasa niko na Mark X GRX130 ya cc 2500. Kwenye lami kavu iko sawa. Shida ni mvua: nikitoka kwenye taa huku nimekata usukani, mkia unachomoka kidogo, kitaa cha kigari chenye michirizi kinawaka na kuzima na injini inakuwa kama imekabwa. Gari ni mbovu au ni mguu wangu? Kuna jamaa anashauri niweke mifuko miwili ya saruji kwenye buti ili nyuma itulie. Mwezi ujao nina safari ya Dar hadi Mbeya.

propela_shafti:
Si ubovu, mkuu. Kitaa kikiwaka na kuzima, hiyo ni TRC (mfumo wa kuzuia tairi zisizunguke bure) iko kazini: imeona tairi ya nyuma inazunguka bure, inapunguza nguvu ya injini na kuibana tairi hiyo kwa breki. Kingewaka mfululizo bila kuzima ndipo ungeipeleka ikasomwe kwa mashine. Mara nyingi huwa ni sensa ya ABS (mfumo wa kuzuia tairi zisigande ukifunga breki) kwenye gurudumu.

Kwenye IST tairi za mbele ndizo zinazovuta na ndizo zinazokata kona, na uzito wa injini umezilalia. Ukizidisha mafuta pua inagoma kuingia kona, unaachia, inarudi. Halafu ile ni farasi 87 tu. Hiyo yako ina 203, na zote zinashukia kwenye tairi mbili za nyuma. Mshiko wa tairi una kikomo: sehemu ukiitumia kukata kona, kinachobaki cha kusukuma ni kidogo, na kwenye lami iliyolowa ni kidogo zaidi. Mvua za kwanza ndizo mbaya kabisa, maana vumbi na oili za kiangazi zote zinageuka utelezi.

Kinachoponza watu ni kuruka kutoka kwenye mafuta ghafla au kufunga breki mkia unapochomoka. Uzito wote unakimbilia mbele, nyuma inakuwa nyepesi, gari inajigeuza. Punguza mafuta taratibu, usiachie yote. Macho yatazame unakotaka kwenda, yasitazame mtaro, kwa sababu mikono hufuata macho. Mkia ukienda kulia, usukani nao uende kulia, kidogo, na uanze kuurudisha kabla gari haijanyooka. Ukichelewa, tairi zinashika kwa mpigo na gari inakurusha upande wa pili. Mrusho huo wa pili ni mkali kuliko wa kwanza.

meno_mm3:
Kabla ya mguu, angalia tairi. Ubavuni, kwenye mstari unaoanza na DOT, tafuta tarakimu nne za mwisho: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi ya zamani inakauka na kuwa ngumu hata kama meno yamejaa, na kwenye maji inateleza kama kipara. Binafsi tairi ikipita miaka 6 siiamini kwenye gari ya nguvu. Meno yakishuka chini ya milimita 3, usiingie nayo masika.

Ukinunua mbili mpya zikae NYUMA. Mafundi wengi watataka kuzifunga mbele, kataa. Upepo fuata kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na upime asubuhi kabla gari haijatembea. Tairi ikijazwa kupita kiasi, inagusa lami kwa ukanda mwembamba wa katikati.

Saruji usiweke. Hiyo ni kilo 100 nyuma ya ekseli: mkia ukianza kuchomoka, uzito huo unauvuta uendelee kwenda, na mfuko usiofungwa unahama katikati ya kona.

kona_pole:
Kuhusu safari: mlima Kitonga, ulio kwenye njia hiyo ya Mbeya, ukienda utaupanda, ukirudi utaushuka. Kwenye kupanda, tatizo ni kukanyaga mafuta hadi sakafuni nyuma ya lori. Giaboksi ya gia sita inaweza kushusha gia mbili kwa mkupuo, nguvu inafika nyuma ghafla wakati usukani bado umekatwa, tena pale ambapo malori yamemwaga dizeli. Shusha gia mwenyewe kwanza, nyoosha usukani, ndipo ukanyage.

Kushuka, tumia gia ya pili au ya tatu ili breki zisichemke. Ila gia ishushwe kabla ya kona, gari ikiwa imenyooka. Injini inapozuia, inazuia tairi za nyuma peke yake; ukishusha katikati ya kona yenye maji, ni sawa na kuvuta hendibreki kidogo.

Kama una kitufe cha SNOW, kitumie siku za mvua. Kinapoza mguu: ukikanyaga mafuta, nguvu inakuja taratibu.

mgeni_wa_X:
Nashukuru sana. Nimekagua: mbele 1422, nyuma 0916. Na kile kitufe cha kuzima TRC, nikizime kwa mazoezi?

propela_shafti:
Barabarani usizime. Ukikibonyeza mara moja TRC inazimika. Ukikishikilia sekunde tatu hivi gari ikiwa imesimama, VSC (mfumo wa kuzuia gari isijigeuze) nayo inaondoka. Kazi ya kitufe hicho ni pale umekwama kwenye tope na unahitaji tairi zizunguke. Ukitoka, washa.

meno_mm3:
0916! Hizo ndizo zinazochomoka. Toa hizo za 2016 kabisa, usizirudishe hata mbele. Nunua mbili mpya za saizi hiyohiyo, uzifunge nyuma, za 2022 zibaki mbele. Kilomita 200 za kwanza nenda nazo polepole, mpira mpya una utelezi wa kiwandani.