Naomba ushauri: betri chakavu za taa za dagaa

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu. Katika mwalo wetu, upande wa Ilemela, wavuvi wengi wa dagaa wameacha karabai na kutumia taa za betri zinazochajiwa kwa sola, na kwa kweli gharama ya mafuta ya taa, iliyokuwa ikimmaliza mwenye mtumbwi, imepungua sana. Ila betri zikifa hutupwa karibu na vichanja vya dagaa, nyingine zikivuja asidi, na watoto huzivunja ili watoe risasi, yaani madini mazito yanayofungwa kwenye nyavu ili zizame. Madini hayo hudhuru ubongo wa mtoto hata yakiwa kidogo. Uongozi wa mwalo umekubali zikusanywe, lakini wanunuzi wa vyuma chakavu humwaga asidi papo hapo. Je, hapa Mwanza nani hupokea betri bila kuzifungua? Na kabla hazijachukuliwa, tuzihifadhi vipi?