Mungu mmoja, Nafsi tatu: nimjibu nini mtoto aliyeondoa figa?

Katekista wa Tanga aliuliza:

Tumsifu Yesu Kristo. Ninafundisha watoto wa Kipaimara kila Jumamosi, na juma lililopita tulifikia somo la Utatu Mtakatifu. Kama nilivyofundishwa mimi mwenyewe utotoni, nilitumia mfano wa mafiga: nikapanga mawe matatu sakafuni, nikaweka sufuria juu yake, nikasema kwamba mafiga ni matatu lakini jiko ni moja. Binti mmoja wa miaka 12 akainuka, akaondoa jiwe moja, sufuria ikaanguka, akauliza: "Mwalimu, kwa hiyo Mwana peke yake si Mungu kamili?" Nikabaki nimeshika mfuniko. Kisha akaeleza kwamba rafiki yake Mwislamu, ambaye hutoka madrasa wakati uleule tunapomaliza sisi, amemwuliza kwa nini Wakristo husema Mungu ni mmoja ilhali wanahesabu watatu.

Najua kwamba ni fumbo, lakini sitaki kumjibu neno hilo tu na kuishia hapo. Tunaposema Mungu ni mmoja, tunakusudia umoja wa namna gani?

Msomaji wa Mababa alijibu:

Milele, amina. Mwalimu, huyo binti ameona kasoro ya mfano wenyewe. Mafiga hugawana mzigo, na kila jiwe ni theluthi ya jiko, ilhali Kanisa halijapata kufundisha kwamba Baba ni theluthi ya Mungu. Linafundisha kwamba Baba ni Mungu kamili, Mwana ni Mungu kamili, Roho Mtakatifu ni Mungu kamili, na Mungu huyo ni mmoja. Mfano wa yai, yaani ganda, ute na kiini, una kasoro hiyohiyo. Ule wa maji, barafu na mvuke una kasoro ya upande wa pili, kwa maana hapo kitu kimoja hubadili sura kwa zamu, na hilo ni fundisho la mwalimu aliyeitwa Sabelio, ambalo Kanisa lililikataa tangu karne ya 3.

Mimi ningeanzia alikoanzia Yesu. Mwandishi alipomwuliza amri iliyo ya kwanza, alimjibu kwa maneno ya Kumbukumbu la Torati 6:4, kwamba Bwana Mungu wetu ni Bwana mmoja, maneno ambayo Wayahudi huyakiri asubuhi na jioni. Mitume walilelewa na maneno hayo, wala hawakudhani kwamba wameyaacha walipomwita Yesu Bwana. Msome Paulo katika 1 Wakorintho 8:6: anayachukua majina mawili yaliyomo katika ungamo lile, Mungu na Bwana, kisha anasema kwamba kwetu sisi Mungu ni mmoja, aliye Baba, na Bwana ni mmoja, Yesu Kristo. Hakumweka mungu wa pili kando ya wa kwanza, bali alimtaja Yesu ndani ya ungamo lenyewe la umoja.

Hilo ndilo lililobishaniwa na maaskofu katika Mtaguso wa Nikea mwaka 325. Ario, padre wa Aleksandria, aliamini kwamba anaulinda umoja wa Mungu kwa kufundisha kwamba Mwana ni kiumbe, ingawa kiumbe bora kuliko vyote. Athanasio, aliyekuja kuwa askofu wa Aleksandria, alimjibu kwa hoja ambayo mimi naiona nzito hadi leo: Wakristo humwabudu Kristo, na kama Kristo ni kiumbe, basi tumerudi kuabudu viumbe, na aliyetaka kuulinda umoja ndiye aliyeuvunja. Kwa hiyo maneno ya Nasadiki tunayoyakiri kila Dominika, "mwenye umungu mmoja na Baba", yaliwekwa ili Mungu abaki mmoja.

Wa Jina la Yesu alijibu:

Bwana Yesu asifiwe. Mimi natoka katika kanisa linalobatiza kwa jina la Yesu, kwa kufuata Matendo 2:38. Filipo alipoomba kuonyeshwa Baba, Bwana alimwambia, "Aliyeniona mimi amemwona Baba." Kwangu hilo linatosha. Kwa nini tumsumbue mtoto kwa maneno "Nafsi tatu" ambayo hayamo katika Biblia?

Mzee wa Usharika alijibu:

Amina, ndugu yangu. Kutetea umoja wa Mungu ni jambo jema, nami sikulaumu kwa hilo. Lakini nimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi, na neno nafsi limenisaidia kuliko vitabu vingi. Katika sarufi, nafsi ya kwanza ni yule anayesema, nafsi ya pili ni yule anayeambiwa. Sasa fungua Yohana 17:5, ambapo Yesu anamwomba Baba amtukuze kwa utukufu ule "niliokuwa nao pamoja nawe kabla ya ulimwengu kuwako". Pana anayesema na pana anayeambiwa, na mazungumzo hayo yanagusa wakati ambapo ulimwengu haujakuwapo. Kama Baba na Mwana ni majina mawili ya mmoja yuleyule, basi sala ile haikuwa na msikilizaji, jambo ambalo siwezi kulikubali. Na Mathayo 28:19, inapoagiza kubatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, inasema "kwa jina", haisemi "kwa majina".

Katekista wa Tanga aliandika:

Nawashukuru wote. Mzee wangu, shikamoo. Nina hofu moja: binti huyu atasema kwamba Petro, Yakobo na Yohana walikuwa na ubinadamu mmoja, na bado tunawahesabu watu watatu. Kwa nini basi tusiseme miungu watatu?

Msomaji wa Mababa alijibu:

Swali hilo hasa aliulizwa askofu Gregori wa Nisa katika karne ya 4, na jibu lake linafaa sana kwa watoto wa pwani. Wavuvi watatu wakivuta wavu mmoja, kila mmoja huvuta kwa nguvu zake; mmoja akichoka, wenzake huendelea bila yeye. Kazi ni tatu zilizounganishwa. Kazi ya Mungu haiko hivyo: kila atendalo huanzia kwa Baba, hupitia kwa Mwana na kukamilika katika Roho Mtakatifu, nayo ni tendo moja. Gregori anasema kwamba tunapopewa uzima na Baba, Mwana na Roho, hatupewi uzima mara tatu.

Na kwa rafiki yake, binti aanze kwa kukubali kwa moyo wote kwamba Mungu hana mshirika, kwa kuwa nasi tunaliamini hilo. Mwana si mshirika aliyeongezwa baadaye. Hapakuwa na wakati ambapo Baba alikuwa bila Mwana wake.

Katekista wa Tanga aliandika:

Jumamosi mawe yatabaki jikoni. Tutaisoma Nasadiki polepole, tusimame kwenye maneno "aliyezaliwa bila kuumbwa", nami nitamwita yule binti na kumwambia mbele ya wenzake kwamba alipoliondoa lile jiwe alikuwa sahihi.